Mama Ngina katika tarakilishi: Jinsi ya kutumia mitazamo na kamera bila kumpotosha mtazamaji

KILA jioni jua linapopungua makali, watu wa Mombasa humiminika katika barabara ya Mama Ngina, kusini mwa kisiwa. Huketi chini ya mibuyu wakatafuna mihogo iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu, wakanywa madafu, huku macho yao yakizifuata meli zinazoingia bandari ya Kilindini na feri zinazovuka kati ya kisiwa na Likoni.

Aliyeketi chini ya mbuyu huiona feri kwa ubavu. Abiria aliye ndani ya feri hiyo huiona Mama Ngina ikimwacha taratibu. Naye msafiri aliye angani, ndege inapojiandaa kutua katika uwanja wa Moi, huona mkanda mwembamba wa maji uliopita baina ya nchi mbili kavu. Maji ni yaleyale na feri ni ileile, ila kila jicho lina habari yake.

Jambo hilo hukumbana nalo kila siku vijana wanaotengeneza michoro inayosogea kwa tarakilishi, kazi ambayo siku hizi huitwa uhuishaji. Michoro hiyo tunaiona katika taarifa za habari za runinga, katika matangazo ya biashara, na hasa pale serikali inapotaka kuwaonyesha wananchi mradi ambao haujajengwa. Mombasa tumeiona mara nyingi kuhusiana na daraja kubwa linalopangwa kuunganisha kisiwa na Likoni: meli zinapita chini, magari yanapita juu, na anga ni buluu tupu.

Makala haya yanaeleza jinsi michoro hiyo inavyotazamwa inapotengenezwa, tofauti iliyopo kati ya mtazamo na kamera, na kwa nini tofauti hiyo si jambo la mafundi peke yao.

Meli iliyopanda nchi kavu

Miaka kadhaa iliyopita, katika chumba kimoja cha habari ambacho sitakitaja, kijana wa idara ya michoro aliniletea video fupi niihakiki kabla ya kupeperushwa. Ilikusudiwa kueleza kwa nini feri ya Likoni hulazimika kusubiri meli kubwa inapoingia Kilindini. Ilikuwa video ya kupendeza: mibuyu ya Mama Ngina mbele, feri katikati, na meli ya makontena ikipita nyuma ya feri kwa nafasi ya kutosha.

Kilichonitatiza ni ile nafasi. Ilikuwa pana mno. Mtu angetazama akajiuliza feri inasubiri nini.

"Mwanangu," nikamwambia, "hebu nionyeshe mambo haya kutoka juu."

Alibonyeza mahali pamoja tu na picha ikageuka. Kutoka juu, feri ilikuwa majini kama inavyostahili. Meli nayo ilikuwa imepanda nchi kavu, katikati ya makazi ya watu wa Likoni. Kijana alikuwa ameiweka mbali ili iingie vizuri katika picha, kisha akaikuza hadi ikapendeza machoni.

"Lakini mzee, mbona kwenye skrini yaonekana sawa?" akauliza.

"Yaonekana sawa kwa kuwa tunachungulia kupitia tundu moja tu," nikamjibu.

Kijana huyo hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Kosa lake lilikuwa kuiamini kamera peke yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wenzangu wa michoro swali lilelile kabla ya kazi kutoka: je, mmeitazama kutoka juu?

Mtazamo si kamera

Programu inayotumika sana katika kazi hii ni After Effects. Ilitolewa kwa mara ya kwanza Januari 1993 na kampuni ndogo ya CoSA ya mji wa Providence, nchini Marekani. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilinunuliwa na Aldus, ambayo nayo ilichukuliwa na Adobe mwaka 1994. Kwa miaka yake ya kwanza, programu hiyo ilijua upana na urefu tu. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2001, ndilo lililoongeza kina, na pamoja na kina zikaja kamera na taa.

Fauka ya hiyo, ipo Blender, ambayo haimgharimu mtumiaji hata senti na ambayo msimbo wake umekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2002. Wenye tarakilishi za Apple wana programu ya Motion. Majina ya menyu hutofautiana, lakini fikra ya msingi ni moja katika zote.

Fikra hiyo ni hii: ndani ya programu kuna nafasi tupu iliyo kama chumba kikubwa, na vitu vyako vyote vimepangwa humo. Kamera ni kitu kimojawapo kilichowekwa ndani ya chumba hicho. Ina mahali ilipo, ina upande inakoelekea, na ina lenzi. Kinachoonekana kupitia kamera hiyo ndicho mtazamaji atakachokiona nyumbani kwake.

Mtazamo ni dirisha la fundi. Ni njia ya kuchungulia chumba kile ukiwa kazini, ili ujue kitu gani kiko wapi. Unaweza kubadilisha mtazamo mara mia moja na video itakayotoka isibadilike hata kidogo. Ukiigusa kamera, hapo umekwisha kubadilisha habari yenyewe.

Aghalabu anayejifunza huchanganya mambo haya mawili. Huhangaika saa nzima kuupamba mtazamo, akaitoa video, akashangaa kuona picha tofauti kabisa na ile aliyoiacha katika skrini. Sababu ni kwamba programu hutoa kile kinachoonekana kupitia kamera inayotumika. Katika After Effects, kamera inayotumika ni ile iliyo juu ya kamera nyingine zote katika orodha ya matabaka kwa wakati huo, mradi haijazimwa.

Mitazamo sita ya fundi

After Effects humpa fundi mitazamo sita ya msingi: wa mbele, wa nyuma, wa kushoto, wa kulia, wa juu na wa chini. Mitazamo hii haina umbali. Kitu kilicho karibu na kilicho mbali, kama vina ukubwa mmoja, huonekana kwa ukubwa uleule. Ni kama ramani ya nyumba anayoichora msanifu wa majengo: haipendezi kama picha, ila hupimika.

Mfano mwema uko papa hapa kisiwani. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, imechorwa kwa umbo linalofanana na mwili wa binadamu, kikiwemo kichwa, mikono na miguu. Maelfu ya watu wamepita mbele ya kuta zake bila kuliona umbo hilo. Aliyesimama langoni huona ukuta mkubwa wa mawe ya matumbawe, basi. Umbo la mtu hujitokeza tu ngome inapotazamwa kutoka juu.

Hata hivyo, ramani hiyo ya juu haikwambii kuta zina kimo gani wala jinsi zilivyomtisha adui aliyekuja kwa jahazi. Kwa hilo unahitaji mtazamo wa ubavuni. Kila mtazamo una jambo unalolijua na jambo usilolijua, na ndiyo maana programu huruhusu skrini kugawanywa ili mitazamo miwili au minne ionekane kwa pamoja. Mpangilio unaofaa wengi ni wa madirisha mawili: moja likiwa na mtazamo wa juu, jingine likiwa na kile kinachoonwa na kamera.

Katika mtazamo wa juu wa After Effects, kilicho karibu na mtazamaji hukaa sehemu ya chini ya skrini, na kilicho mbali hukaa sehemu ya juu. Ukiwa unaichora Mama Ngina kwa kamera iliyosimama kisiwani, mibuyu itakuwa chini, mkondo wa maji utakuwa katikati, na Likoni itakuwa juu. Meli ikiwa juu ya mstari wa ufuo wa Likoni, ujue imepanda nchi kavu.

Kuna tahadhari moja ya hesabu. Shuleni tulifundishwa kwamba namba za wima huongezeka kadiri unavyopanda. Katika After Effects namba hizo huongezeka kadiri unavyoshuka, na namba za kina huongezeka kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Katika Blender mhimili wa wima ni ule wa Z. Atokaye programu moja kwenda nyingine bila kulijua hilo ataizamisha feri akidhani anaisogeza.

Mbali na mitazamo sita, ipo mitatu ya ziada ambayo fundi huweza kuigeuza apendavyo. Hii ina umbali, yaani cha karibu huonekana kikubwa kuliko cha mbali. Ni kama kusimama pembeni mwa jukwaa la maigizo: unawaona waigizaji na unaiona kamera inayowapiga picha. Hata mitazamo hii haitoki katika video ya mwisho.

Wanaotumia Blender huhamia mtazamo wa mbele kwa namba 1 ya upande wa kulia wa kibodi, wa kulia kwa namba 3, wa juu kwa namba 7, na wa kamera kwa namba 0. Namba 5 huondoa au kurudisha umbali. Kwa wenye tarakilishi ndogo za mkononi zisizo na safu hiyo ya namba, programu ina mahali pa kuamuru namba za juu ya herufi zifanye kazi hiyo.

Kamera ya kuzunguka na kamera ya kutembea

Ukiunda kamera katika After Effects, swali la kwanza ni la aina yake. Ya kwanza ina nukta inayoilenga daima. Popote uipelekapo, uso wake haubanduki kwenye nukta ile. Hiyo ndiyo inayofaa ukitaka kuuzunguka mbuyu mmoja wa Mama Ngina, au lango la bustani iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa mwaka 2019, ambamo sherehe za Mashujaa za Oktoba 20 mwaka huo zilifanyika.

Aina ya pili haina nukta hiyo. Hutazama kule inakoelekezwa, kama mtu anayetembea. Ukitaka mtazamaji ahisi anapunga upepo kwa miguu kutoka upande wa mnara wa taa hadi upande wa kivuko, hii ndiyo kamera yake.

Ziko kazi tatu za kuisogeza kamera: kuizungusha, kuitembeza pembeni au juu na chini, na kuisukuma mbele au kuirudisha nyuma. Herufi C katika kibodi hukupitisha katika zana hizo moja baada ya nyingine. Katika mitazamo sita ya msingi, zana ya kuzungusha haifanyi kazi, kwani mtazamo wa juu ukigeuzwa si wa juu tena.

Hapa pana mtego. Ukiitumia zana ya kuzungusha ukiwa katika mitazamo ya ziada, unageuza dirisha lako tu. Ukiitumia ukiwa unatazama kupitia kamera yenyewe, unaigeuza kamera. Iwapo kamera hiyo imekwisha kupangiwa mwendo, programu huandika mwendo mpya hapo ulipo bila kukuuliza. Wengi wameharibu kazi ya siku tatu kwa dakika moja kwa njia hii. Kabla ya kushika zana yoyote, soma jina la mtazamo lililoandikwa chini ya picha.

Lenzi na umbali

Baada ya aina ya kamera, programu huuliza lenzi. After Effects ina orodha ya lenzi zilizo tayari, kuanzia milimita 15 hadi milimita 200. Namba hizi zimeazimwa kutoka kwa kamera za filamu yenye upana wa milimita 36. Lenzi ya milimita 15 huona pembe ya takriban digrii 100. Ya milimita 50 huona takriban digrii 40. Ya milimita 200 huona digrii 10 tu, kana kwamba umekunja gazeti ukalifanya bomba ukachungulia ndani yake.

Wengi husema lenzi ndefu huvuta vitu vikasogeleana. Usemi huo una ukweli nusu. Kinachobadilisha uhusiano wa ukubwa wa vitu ni umbali wa kamera kutoka kwa vitu hivyo. Lenzi hukata tu kipande cha picha na kukikuza.

Tuchukue mfano. Kamera yako ina lenzi ya milimita 50. Mbuyu uko mita 100 mbele yake, na feri iko mita 200. Kwa kuwa feri iko mbali mara mbili, kila mita yake itaonekana nusu ya mita ya mbuyu.

Sasa irudishe kamera nyuma mita 300. Mbuyu uko mita 400, feri iko mita 500. Ili mbuyu ubaki na ukubwa uleule katika picha, badilisha lenzi iwe ya milimita 200, yaani mara nne. Mbuyu haujabadilika hata kidogo. Lakini kila mita ya feri sasa inaonekana kama asilimia 80 ya mita ya mbuyu, ilhali mwanzoni ilikuwa asilimia 50. Feri imekua kwa zaidi ya nusu, na mtazamaji ataapa kwamba imesogea karibu na kisiwa. Haijasogea hata shubiri moja.

Mpigapicha wa kawaida angezuiwa na nyumba zilizo nyuma yake. Ndani ya tarakilishi hakuna nyumba. Kamera inaweza kurudishwa nyuma ikapita ukutani, ikatoboa ardhi, ikaelea mahali ambapo binadamu hawezi kusimama. Uhuru huo ndio unaoifanya kamera hii kuwa hatari zaidi kuliko ile ya mpigapicha.

Si jambo la kinadharia. Aprili 2020, wakati ulimwengu ulipokuwa ukijadili nani anakaribiana na nani kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, wapigapicha wa shirika la Ritzau Scanpix la Denmark walipiga watu walewale mahali palepale kwa lenzi fupi na kwa lenzi ndefu. Katika picha moja watu walionekana wameachiana nafasi. Katika nyingine walionekana wamebanana. Zote mbili zilikuwa picha halisi.

Fikiria basi umati wa Likoni, kivuko ambacho hutajwa kuvusha takriban watu 300,000 kwa siku. Anayetaka kuonyesha kwamba kuna msongamano atachagua kusimama mbali na lenzi ndefu. Anayetaka kuonyesha kwamba mambo ni shwari atapanda juu. Katika uhuishaji, uchaguzi huo hufanywa kwa kubonyeza mara moja, na hakuna atakayejua.

Kina kisicho kisima

Suala hili huwa zito zaidi tunapoeleza misiba. Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye mdogo liliteleza kutoka kwa feri ya MV Harambee likazama katika mkondo wa Likoni. Nchi nzima ilifuatilia shughuli ya kuwatafuta hadi gari lilipoopolewa Oktoba 11. Lilipatikana katika kina cha takriban mita 58. Katika siku hizo, wananchi wengi walitaka kuelewa jambo moja: kwa nini wapigambizi wanachukua muda mrefu hivyo?

Mchoraji anayejaribu kulijibu swali hilo hushawishika kuchora shimo. Ataiweka feri juu, gari chini kabisa, na baina yao giza la maji. Mtazamaji huondoka akidhani mkondo ule ni kisima.

Tufanye hesabu kwa mtazamo wa ubavuni. Mkondo una upana wa nusu kilomita hivi. Tukikubaliana kwamba kila mita ni pikseli 2, upana utakuwa pikseli 1,000 na kina cha mita 58 kitakuwa pikseli 116. Umbo hilo ni sinia, si kisima. Na sinia hiyo ndiyo inayofafanua ugumu wa kazi: eneo ni pana, maji yanasukumwa na kupwa na kujaa, meli zinaendelea kupita, na kitu kinachotafutwa kina urefu wa mita chache. Kwa kipimo chetu, gari zima halizidi pikseli 10 katika eneo la pikseli 1,000.

Ikiwa mchoraji ataona ni lazima akikuze kina ili kieleweke, hakuna ubaya, mradi aandike kwamba vipimo vimekuzwa. Ubaya ni kukikuza kimyakimya.

Ni vivyo hivyo kwa msiba wa Mtongwe wa Aprili 29, 1994, ambapo feri ilizama na watu 272 wakafariki. Anayetaka kueleza jinsi chombo kinavyolemewa hadi kikapinduka hawezi kutumia mtazamo wa juu, kwa sababu kutoka juu chombo kilichoinama hutofautiana kidogo sana na kilichonyooka. Anahitaji mtazamo wa mbele, unaoonyesha uzito ulipo na maji yanapoanzia. Mtazamo usiofaa huifanya ajali ionekane kama muujiza, na muujiza hauna wa kuulizwa.

Makosa yanayojirudia

Mbali na yaliyotangulia, kuna makosa matatu ambayo nimeyaona kila mara.

La kwanza ni kuchanganya ukuzaji wa skrini na ukuzaji wa kamera. Ile asilimia iliyo chini ya dirisha ni kama miwani ya fundi. Ukiiweka asilimia 200, wewe unaona vikubwa, lakini video haibadiliki. Hali kadhalika, kupunguza ubora wa picha hadi nusu au robo ili tarakilishi isizidiwe hakuathiri kazi ya mwisho, mradi ukumbuke kuamuru ubora kamili unapoitoa.

La pili ni matabaka yasiyo na kina. Katika After Effects, kamera huathiri matabaka yale tu yaliyowashiwa alama ya mchemraba mdogo. Ukisogeza kamera na mbuyu mmoja ukabaki pale pale kama uliogandishwa, angalia alama hiyo. Kwa upande mwingine, jina la kipindi au maelezo ya chini hufaa yaachwe bila kina, ili kamera itembee nayo yasitikisike.

La tatu ni kuupenda mno ukungu. Kamera za tarakilishi zinaweza kuiga zile za kweli, ambapo kinacholengwa huwa wazi na vilivyobaki hufifia. Ni pambo zuri kwa tangazo la harusi. Katika mchoro wa kuelezea ajali au mradi wa umma, ukungu huweza kuficha jambo lilelile ambalo mwananchi alitaka kuliona.

Utaratibu unaofaa

Kwa kijana anayetaka kuichora Mama Ngina, au mahali pengine popote palipo na watu na vyombo vya kweli, huu ndio utaratibu ambao umetufaa.

Kwanza, amua kipimo kabla ya kuweka kitu chochote. Mita moja ni pikseli ngapi? Andika mahali, na usiibadilishe njiani.

Pili, panga vitu vyote katika mtazamo wa juu: ufuo wa kisiwa, ufuo wa Likoni, njia ya feri, njia ya meli. Usiunde kamera bado.

Tatu, hamia mtazamo wa mbele na wa ubavuni ili upange vimo na vina.

Nne, sasa unda kamera. Anza na lenzi ya milimita 35 au 50, na uiweke mahali ambapo binadamu angeweza kusimama. Ukitoka hapo kwa sababu maalum, uwe tayari kuieleza sababu hiyo.

Tano, gawanya skrini mara mbili na uicheze video yote huku ukitazama kamera na mtazamo wa juu kwa pamoja. After Effects hukuwezesha kurudi kwenye mitazamo uliyoizoea kwa kubonyeza F10, F11 na F12, hivyo kazi hii haichukui muda.

Sita, kitu kisipoonekana vyema katika kamera, sogeza kamera. Usisogeze kitu. Kijana wangu wa meli alifanya kinyume chake, na ndiyo maana meli ikapanda Likoni.

Kwa sisi watazamaji

Si kila msomaji atakayefungua programu hizi. Hata hivyo, sote tutaonyeshwa video zake. Tutaonyeshwa madaraja, masoko mapya, nyumba za bei nafuu na bustani za ufuoni. Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Siku hizi hata vile ambavyo havijaundwa huelea, kwenye skrini.

Ukionyeshwa video ya aina hiyo katika kikao cha umma, una haki ya kuuliza maswali matatu. Je, tunaweza kuuona mradi huu kutoka juu, ukiwa na vipimo? Je, kamera imesimama wapi, na mimi nikisimama hapo nitaona hivyo? Na je, nyumba yangu iko wapi katika picha hii?

Fundi aliyepanga kazi yake kwa uaminifu hatahitaji zaidi ya dakika moja kukujibu, kwani mitazamo yote sita imo humo ndani ya tarakilishi yake. Akikwambia haiwezekani, mwombe mwenyekiti wa kikao aandike katika kumbukumbu kwamba uliuliza.

Yule kijana wa meli aliirudia video yake mchana uleule. Meli iliporudishwa majini, nafasi kati yake na feri ilibaki nyembamba kiasi cha kumfanya mtu ashike kifua. Hatukuongeza neno hata moja la maelezo. Kila aliyeitazama alielewa kwa nini feri husubiri.